Nilivyojianika Kliniki kwa Ajili ya Pilipili

Wasee, leo nimevuliwa nguo mbele ya daktari wa paka. (Si nguo za kweli. Afadhali zingekuwa za kweli.)

Mnajua ninakaa Fairfield, hapa Sydney, nimepanga chumba kwa Mama Neema, yule mama Mkongomani wa kanisani kwetu. Mnajua pia msimamo wangu kuhusu paka, maana nimeutangaza humu kwenye kundi letu mpaka mkachoka. Kwetu Nakuru paka anashika panya, analala jikoni, habembelezwi. Mama Neema ana paka wanne ndani ya nyumba, na mimi hupita katikati yao nikiangalia mbele kama askari wa gwaride. Hivyo ndivyo mlivyoniamini, na Mama pia aliniamini hivyo hivyo.

Miezi miwili iliyopita yule paka mgeni, Pilipili, kijipaka cha rangi ya chungwa Mama alichokiokota nyuma ya gereji Granville, alianza kuhara. Daktari akapima choo chake akakuta giadia. Ni kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kinakaa utumboni, kinatoka na mavi, kinangoja paka mwingine akanyage na kujilamba miguu. Na paka ana kazi gani nyingine duniani zaidi ya kujilamba? Wiki haikuisha, wote wanne wakawa wanahara, pamoja na Mzee, ambaye ana miaka kumi na sita na meno mawili.

Hapo ndipo nilipomjua Mama Neema. Alikaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na miwili, na kipindupindu kilipoingia, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akifundisha usafi. Basi akafunga kitambaa kichwani, akaanza. Pilipili akahamishiwa chumba cha nyuma peke yake. Kila paka na bakuli lake, trei yake ya mchanga, kijiko chake cha kuzolea, na uzi wa rangi yake. Mavi yanazolewa asubuhi na jioni. Trei zinamwagiwa maji ya moto, zinaanikwa juani mpaka zikauke kau, kwa sababu kijidudu hiki hakipendi ukavu. Wenzake wanahudumiwa kwanza, Pilipili wa mwisho. Aproni ya chumba cha nyuma haitoki chumba cha nyuma. Mlangoni beseni la maji ya dawa la kukanyagia. Na daftari: tarehe, paka, choo kilikuwaje.

Mimi ni nesi wa nyumba ya wazee. Nafundisha wafanyakazi wapya kuzuia maambukizi, nina cheti kimeandikwa jina langu kwa wino wa dhahabu. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona wodi inayoendeshwa hivyo. Lakini nilisema? Thubutu! Nilisimama pale na kikombe cha chai nikimkosoa anavyokunja glavu.

Dawa ikafanya kazi. Watatu wakapona, Pilipili naye akakaribia. Halafu Mzee akarudia kuhara. Akapewa dawa tena, akabaki mifupa na macho. Daktari akasema kama Pilipili ndiye anayeendelea kuwaambukiza wenzake, huenda ikabidi atafutiwe nyumba nyingine isiyo na paka. Mama alifikiri siku nzima, kisha akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini, "Kama Mzee angali mugonjwa safari hii, Pilipili anaenda. Mzee hana nguvu ya mara ya tatu."

Nikajibu kwamba ni uamuzi wa busara. Kisha nikaenda chumbani kwangu nikakaa kitandani kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Kwa sababu, wasee, kuna jambo sijawaambia. Mama huwa kazini mchana, mimi hutoka shifti ya asubuhi mapema. Siku moja Pilipili alilia nyuma ya ule mlango, akalia, akalia. Nikasema nitamwangalia tu dakika moja. Akanipanda kifuani. Akalala. Sasa ungefanya nini wewe? Kesho yake nikarudi. Keshokutwa pia. Aproni sikuvaa (nani ananiona?). Beseni nililiruka, sikutaka ndala zilowe zikaniumbua. Kisha ninatoka na ndala hizo hizo mpaka sebuleni, naweka miguu juu ya zulia analolala Mzee. Mimi. Wa cheti cha dhahabu.

Wiki hii nikaona unga mweupe kizingitini mwa chumba cha nyuma. Nikadhani ni dawa ya sisimizi. Nikapita.

Basi leo Jumamosi, joto kali, tumeenda kliniki ya Granville kuchukua majibu ya choo cha Mzee. Mama amembeba Mzee kwenye kikapu kimoja, mimi nimembeba Pilipili kwenye kingine. Juu ya magoti ya Mama kulikuwa na kiblanketi cha Pilipili, kimefuliwa na kukunjwa vizuri, kwa ajili ya safari. Sikukiangalia njia nzima. Badala yake nikampa Mama mhadhara kwamba mahali fulani mfumo wake unavuja, pengine ni wageni wa maombi, pengine ni zile glavu. Aliitikia tu, "Eh, ndiyo."

Daktari, dada mmoja mpole, alifungua daftari la Mama. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu, akaita wenzake waje waone. Alisema tangu aanze kazi hajaona nyumba ya paka wengi iliyotunzwa hivi. Nilijisikia fahari kama vile nimeliandika mimi. Wenzake walipoondoka, akatoa majibu. Mzee bado anayo.

Akauliza kama kuna mtu mwingine anayeingia kwa mgonjwa. Mama akanigeukia. Mimi nikarukia jibu, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba mimi ni mtaalamu wa maambukizi, kwamba hakuna anayeingia, na kwamba binafsi sipendi paka.

Pilipili akasikia sauti yangu.

Akaanza kulia mle kikapuni kwa kilio cha mtoto aliyemwona baba yake getini. Akatoa mkono kwenye tundu, akashika shati langu, akaanza kukoroma kwa raha. Chumba kizima kilisikia. Nikaeleza kwamba ana njaa.

Mama hakuniangalia. Alichukua kiblanketi, akakiingiza kikapuni taratibu, akampangusa Pilipili kichwani kwa kidole kimoja. Daktari akasogeza fomu ya kumkabidhi. Mama akashika kalamu, akaandika tarehe, akaikosea, akaikata. Yule mama niliyemwona akichemsha maji alfajiri kwa ajili ya mavi ya paka, bila kunung'unika hata siku moja, alikuwa anajizuia kulia, na chanzo ni ndala zangu.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka.

"Ninaingia kila siku. Analala kifuani kwangu. Mama hajakosea chochote, ni mimi."

Daktari, kwa upole ule ule unaoua, akauliza huwa naingia na viatu gani. Wasee, leo ni Jumamosi ya joto Sydney. Nilikuwa nimevaa viatu gani? Watu watatu, paka wawili, sote tukaangalia chini. Akaniomba niinue mguu. Nikainua mguu, nesi mzima, nimeshikilia meza nisianguke, daktari akikwangua soli yangu kwa kijiti kidogo.

Ndipo Mama akatoa simu. Picha nne. Unga mweupe, na juu yake alama ya ndala ya kushoto iliyolika kisigino, inaingia, inatoka. Hata sisimizi hawakuwapo. Alisema kule kambini ugonjwa ukirudia nyumba moja walimwaga majivu mlangoni, wakaangalia nani anapita. Na jirani naye alikuwa amemwambia kuna mwanaume anaimba nyimbo za watoto ndani ya nyumba yake saa tisa mchana. (Ni wimbo mmoja tu. Naurudia.)

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Siku tatu."

"Na hukusema?"

"Weye unafundisha watu, Kevin. Ningekukamata, ungejifunza kujificha. Nilitaka useme mwenyewe, ndiyo uache."

Nikamuuliza, na kama ningenyamaza? Akasema angetia sahihi, kwa sababu Mzee hawezi kungoja aibu yangu iishe. Alisema hivyo bila hasira. Nimefanya mitihani mingi maishani mwangu, huu ndio pekee nilioufaulu sekunde ya mwisho kabisa.

Fomu ikachanwa. Pilipili anabaki. Dawa inaanza upya kwa wote, na daktari amekubali kwamba Mama akiendesha wodi yake bila mimi kuikanyaga, Mzee ana nafasi nzuri. Kisha akaniuliza kama tumbo langu liko sawa, maana giadia wakati mwingine humshika binadamu pia. Nikakumbuka wiki nzima nimekuwa nikilaumu kebabu. Mama alisoma uso wangu kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo nawaandikia kutoka chumba cha nyuma. Nimefungiwa pamoja na Pilipili mpaka majibu yangu yatoke. Kazini nimeomba ruhusa, sababu nimeieleza kwa ufupi sana. Ndala zimechemshwa. Chakula kinawekwa mlangoni kwenye sahani yenye uzi mwekundu. Kaka na dada zangu, mkimwona Mama Neema kesho kanisani, simameni kwa heshima, ni profesa yule. Mkiulizwa niko wapi, semeni nina mafua.

Ila kuna jambo moja linaninyima raha. Daktari amesema siku ya mwisho ya dawa kila mgonjwa aoshwe makalio kwa shampuu, ili vijidudu vilivyonata huko vitoke vyote. Mama ameshabandika mlangoni orodha ya watakaooshwa, nimeisoma mara tatu.

Paka ni wanne. Majina ni matano.