Dari Linalopika Kahawa

Redio ya Ma Penina, muuza kahawa wetu hapa Kashai, ndiyo iliyoanza uchokozi. Mtaalamu wa ujenzi alikuwa anasema ukijaza dari kitu cha kuzuia joto, nailoni ya kuzuia mvuke inakaa upande mmoja tu, ule wa chumbani kwenye joto. Ukiweka chini na juu, unyevu ukishaingia hauna pa kutokea.

Benchi zima likanigeukia. Mimi ndiye Injinia, jina nililojipa mwenyewe.

"Injinia, ya kwako iko upande gani?" akauliza Klachi, dereva wa bodaboda.

"Pande zote. Katikati kuna maganda ya kahawa."

"Nani alikushauri?"

"Nyinyi."

Ghafla kila mtu akawa na kazi na kikombe chake.

"Wewe Klachi ulisema juu, eti bati likivuja. Nshomile akasema na chini."

"Nilitoa maoni tu, waitu, ndugu yangu," akasema Nshomile, akinyoosha tai. Ualimu alishastaafu, tai bado iko kazini.

"Na maganda, Ma Penina?"

"Nilikupa bure, hata asante sijaisikia."

"Sasa mvuke wa jikoni unapenya kwenye matundu ya misumari, unapoa kule juu, unapita kwenye maganda, unarudi maji ya kahawia. Yanadondoka katikati ya sebule. Na leo wanakuja watu wa Kagoma kumposa binti yangu Lilian. Mtoto analia tangu asubuhi. Nina aibu, jamani."

"Ndiyo maana umekimbilia hapa?" akauliza Klachi.

"Nimekuja kutafuta suluhisho."

"Kwetu?" Klachi akacheka hadi akapaliwa.

"Ongeza nailoni ya tatu," akasema Nshomile.

Ma Penina akaguna. "Sisi watu wa Bukoba tukitazama video moja ya Ulaya, tayari maprofesa. Babu zetu walilala kwenye msonge wa nyasi na hakuna aliyedondokewa."

"Babu zetu hawakuwa na benchi hili," nikasema.

Simu ikaita. Mke wangu, Annastella. Nikaweka spika, maana aibu yenyewe ilikuwa ya wote.

"Wageni wamefika. Mzee Mutalemwa, kiongozi wao, amekaa palepale panapodondoka."

"Yamemdondokea?"

"Nilimwekea kikombe cha maji ya moto, nikaenda jikoni kuchukua kahawa. Niliporudi, yalishakuwa kahawa."

"Usiniambie amekunywa."

"Amemaliza. Anasema nyumba yenye kahawa hii haiwezi kulea binti mbaya. Posa imepita. Sasa anataka kumwona aliyeipika."

Nikatafuta uso wa kunihurumia pale kwenye benchi, nikakuta wote wameshasimama.

"Nailoni ya chini ilikuwa wazo langu," akasema Nshomile.

"Ya juu yangu," akasema Klachi, akipiga pikipiki kiki.

Ma Penina alikuwa amezima jiko na kujifunga kanga upya. "Bila maganda yangu mngempa maji matupu."

Bodaboda ikaondoka na washauri wangu watatu. Mimi mwenye nyumba nikawafuata kwa miguu.