Diski ya Lornah Iliyokuwa Ikilia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dharau! Zadock, fundi wa ng'ambo ya barabara hapa Nyalenda, ametundika bango: TUNAWEKA SSD, KOMPYUTA ITAKIMBIA. Wateja wangu wanapita mlangoni kama hawanioni. Nimevuka kumuuliza hiyo SSD ni mdudu gani. Akanieleza kwa sauti ya kumfundisha mtoto wa chekechea: ni diski isiyo na sahani inayozunguka wala mkono wa kusoma. Kila kitu kinakaa kwenye chipu, kama kwenye simu. Haina sauti. Haina sauti! Kitu kisicho na sauti kimekufa. Mimi Wechuli nimelelewa na diski zinazozunguka. Sitishwi na bango.

Jumanne, 10 Juni

Lornah, kiongozi wa kwaya, ameleta kompyuta yake. Ndani mna wimbo wa marehemu mama yake, na Jumapili ni ibada ya kumkumbuka. Diski inalia krr, krr. Anaomba niutoe wimbo upesi kabla mambo hayajaharibika. Nimemwambia mlio ni dalili ya afya. "Fundi, una uhakika kweli?" Ameniuliza hivyo mbele za watu! Nimekasirika hadi nikakohoa.

Lakini nimepata mpango. Diski hii ndiyo itakayomnyamazisha Zadock.

Jumatano, 11 Juni

Nimeitoa diski nje, nikaiwasha juu ya meza, watu wasikilize. Nikapaza sauti: "Hii iko kazini! Ya Zadock imelala!" Watu wakajaa. Mama muuza omena akatega sikio, akasema inalia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimeiacha izunguke tangu asubuhi, kila anayepita aonje. Baada ya chakula cha mchana, kimya. Zadock akatabasamu. Tabasamu la kishenzi kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Ni vumbi tu, nilijua. Nimeifungua diski, nikaipuliza, nikapangusa sahani kwa leso yangu ya kanisani. Inang'aa, nimejiona meno. Kompyuta bado haiitambui. Ukaidi!

Lornah amekuja, akaiona iko wazi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo limeniudhi zaidi. Alikaa kwenye benchi akasema polepole, "Sauti ya mama ilikuwa hapo tu." Watu wakamwita Zadock. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema sahani ikishapanguswa hivyo hakuna wa kuirudisha. Nani alimwomba maoni?

Sikula jioni. Si huzuni. Ni joto.

Jumamosi, 14 Juni

Dadake Lornah amefika kutoka Katito na simu kuukuu. Ndani ya kadi yake kuna wimbo uleule! Zadock ameunakili, kisha akaufungulia. Watu wa bodaboda walizima injini. Marehemu mama yao alikuwa na sauti nzito, tamu, ya mtu anayeimba huku akisonga ugali. Lornah alilia na kucheka kwa pamoja. Mimi pia nilitokwa na machozi, kwa sababu ya moshi wa mahindi ya kuchoma.

Halafu nikangoja nishukuriwe. Kama si mimi, nani angeikumbuka simu ile? Wamempa Zadock mkono, wakampa soda. Mimi, hata salamu! Watu hawa hawana shukrani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefanya utafiti. Nakiri SSD ni kitu kizuri. Kwa kuwa haina sahani wala mkono, ikianguka haiumii haraka kama ile ya kuzunguka. Na Zadock, pamoja na bango lake lote, hajawahi kuwaonyesha watu jambo hilo! Uzembe!

Mwalimu Nangila ameniletea SSD yake niikague. Ina mitihani ya shule nzima. Nimeshaazima ngazi. Kesho asubuhi napanda nayo paani, naiachilia mbele ya umati, na Zadock atafunga duka.

Mwalimu aliniuliza kama vitu vyake vitakuwa salama. Nimemwambia aende akalale.