Vifungo Kumi na Viwili, Bahasha Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mota ya cherehani ya mke wangu imeungua. Si kosa langu. Niliiazima kidogo tu, nizungushie feni ya ajabu niliyoibuni kwa mfuniko wa sufuria. Saa hizi ningekuwa tajiri kama si ule moshi.

Fundi amekuja. Akaifungua, akainusa, akaifunga. Amesema hii si ya kutengeneza, ni ya kuzika. Alipotaja bei ya mota mpya, nilikaa chini bila kuambiwa karibu.

Mke wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Ameketi dirishani na mapazia ya ukumbi wa chuo cha wauguzi, anayapinda kwa mkono. Yanatakiwa Jumamosi ya wiki ijayo. Yakichelewa, mkuu wa chuo atachukua kitambaa chake ampelekee mshonaji wa ng'ambo ya barabara, na kazi zote za chuo zitahamia huko. Kazi hizo ndizo kodi yetu ya nyumba. Nimemwona akijichoma sindano na kunyonya kidole. Imeniuma sana.

Nimemwambia aniachie mimi, mota nitaileta. Amesema hilo ndilo analoliogopa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Akili kama yangu ni hazina, basi tu watu hawajui.

Marehemu baba mdogo alikuwa akishona makoti ya mabawabu wa hoteli. Aliniachia mkebe wenye vifungo kumi na viwili vya shaba, kila kimoja kimechorwa tausi. Kazi ya zamani, haipatikani tena. Naviuza kwenye mnada wa mtandaoni.

Lakini nitauza kwa ujanja. Mnada hukata kamisheni kwenye bei ya kuuzia. Kwa hiyo bei yangu ni senti kumi kwa kifungo. Senti kumi! Wakate watakavyo, watakula nini? Faida yangu nimeificha kwenye gharama ya posta, ambayo nimeiweka ya kutosha kusafirisha mbuzi. Posta si bei. Posta ni posta. Sielewi kwa nini dunia nzima haijaliona hili.

Nimevitangaza kimoja kimoja, ili posta ilipwe mara kumi na mbili. Nimevipiga picha juu ya foronya nyeupe. Ukurasa ulikuwa na maswali mengi ya kuchosha, nikaweka alama ya ndiyo kila mahali nimalize haraka. Moja ya alama hizo imenipa kibandiko cha kijani kilichoandikwa kwamba mteja akinunua vingi atalipa posta mara moja. Sikukisoma sana. Rangi yake inapendeza.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kaja kula mchana. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Naye huuza kwenye mnada huo huo, makava ya simu, na ana nyota tano ambazo anazitaja kabla ya salamu.

Ameufungua ukurasa wangu kwenye simu yake. Amecheka mpaka maji yamemtoka puani. Amesema wateja hujumlisha bei na posta kabla ya kutoa hata senti, kwa hiyo sijamficha mtu kitu. Amesema pia kile kibandiko cha kijani si pambo, ni ahadi. Mtu akivishinda vyote kumi na viwili, nitamtumia kifurushi kimoja kwa posta moja, nipende nisipende.

Nimemuuliza ni mwendawazimu gani atake vifungo kumi na viwili. Amejibu, mwenye koti.

Nimemwambia auze makava yake aniache na biashara za watu wazima. Hakukasirika. Amechukua mnofu mkubwa kuliko yote kwenye bakuli, mbele ya macho yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Hakuna hata mmoja aliyeweka dau. Mtu mmoja tu kaniandikia, anauliza kama kwa posta ile kifungo kinaletwa na farasi.

Sijamjibu. Wivu tu.

Pindo la pazia la kwanza bado halijafika nusu. Mke wangu amefunga vidole viwili plasta. Nimejitolea kumsaidia kushona. Ameniomba, kwa upole mkubwa, nikae mbali na kitambaa.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Kuna mtu anayejiita Sindano, ameweka dau kwenye vifungo vyote. Vyote! Kumi na viwili! Nimepiga hesabu ya posta mara kumi na mbili, nikacheza jikoni peke yangu na ufagio. Mota inapatikana, na viatu vyangu vipya juu yake.

Nimekwenda mbio kwa fundi nikamwambia aagize mota mara moja. Ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nimemgonga begani kama mfanyabiashara mkubwa anavyomgonga mdogo.

Niliporudi nimekuta ujumbe wa Sindano. Mtu mwenye adabu kupita kiasi. Ananishukuru kwa kuwa muuzaji muungwana, si kama wale matapeli wanaojaza posta. Amekiona kibandiko changu cha kijani. Anaomba akishinda nimtumie vyote pamoja kwenye bahasha moja, alipe posta mara moja.

Nimesoma nikasoma tena. Nikajaribu kukiondoa kibandiko. Hakiondoki, kwa kuwa dau limeshawekwa.

Vifungo ni vidogo mno. Hilo ndilo tatizo lao. Vyote vinaenea kwenye kiganja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na mpango. Sindano asivipate kwa senti kumi. Lazima apate mpinzani.

Mpinzani nimemuumba mwenyewe. Nimefungua akaunti ya pili kwenye simu yetu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaiita Tajiri wa Mbali. Tajiri atapandisha dau, Sindano atapandisha zaidi, Tajiri atampisha kiungwana, nami nitakunja hela.

Minada ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Kwa bahati mbaya Tajiri alisahau nenosiri lake. Nilipolikumbuka, vifungo kumi na kimoja vilikuwa vimekwenda kwa senti kumi kumi. Kikabaki cha mwisho. Nikakivamia! Nikapandisha. Sindano akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Jasho linanitoka, kidole kinateleza. Nikaruka juu, dau la kutisha, ili naye aruke.

Sindano akanyamaza.

Nimeshinda! Nilipiga kelele bila kutaka. Mke wangu akauliza nimeshinda nini. Nikasema kifungo. Akauliza nimekinunua kwa nani. Ilibidi nifikiri kidogo. Nikasema, kwangu. Amerudi kwenye pazia lake.

Jumapili, 9 Machi

Mnada umeniletea madai yao. Nimelazimika kwenda kusimama uani.

Kwanza, kuna ada ya kutangaza kila bidhaa. Nimetangaza mara kumi na mbili, nimetozwa mara kumi na mbili. Pili, kamisheni inakatwa kwenye bei pamoja na posta! Ule ujanja wangu wote, walishaufikiria! Tatu, na hapa ndipo damu iliponipanda, wamenikata kamisheni nono kwa kile kifungo nilichojiuzia mwenyewe. Pamoja na posta ya kukitoa nyumbani kwangu kukileta nyumbani kwangu.

Nimewaandikia kwamba huyo mnunuzi ni mimi. Mashine yao imejibu papo hapo, inanishukuru kwa kuwa muuzaji na mnunuzi mwaminifu.

Kwa kifupi, nimeuza vifungo vya marehemu na nadaiwa. Mchana fundi kampitishia habari mke wangu kwamba mota imefika, inasubiri pesa. Mke wangu kaniangalia, uso umejaa matumaini. Uso ule! Nimesema pesa ziko njiani. Kisha nikajifanya nina kazi chini ya kitanda. Nimekaa huko nikijichukia kidogo, mpaka nikapiga chafya na kugundulika.

Jumatatu, 10 Machi

Sindano amelipa. Vifungo kumi na kimoja, bahasha moja, posta moja. Ameandika pia kwamba anasikitika mno. Anatengeneza koti moja linalotaka vifungo kumi na viwili kamili, na mfano wa kile cha mwisho hajaupata popote. Ananiomba nimwombee kwa Tajiri wa Mbali, pengine atakubali kumuuzia.

Mungu ni mkubwa! Mnyonge amejileta mwenyewe. Nimekaa kumwandikia kwa niaba ya Tajiri, kwamba Tajiri ni mtu mgumu, lakini kwa bei ya mota moja ya cherehani anaweza kulegea.

Nikiwa natafuta neno zuri la kumalizia, mke wangu aliichukua mezani bahasha niliyokwisha kuinakilia anwani ya Sindano, akaisoma. Akaniuliza kama nimeisoma. Nikasema mimi huangalia bei, siangalii anwani. Akasema huyu mtu anakaa nyuma ya kituo cha zimamoto.

Kituo cha zimamoto tunakiona kutoka dirishani kwetu.

Amekuwa na maswali mengine machache, na mimi nikajikuta nayajibu yote, hata lile la Tajiri. Amenyoosha mkono, nikampa kifungo cha kumi na mbili. Nimejaribu kumweleza kwamba biashara iko katikati, kwamba avute subira, kwamba Tajiri bado hajataja bei. Amesema koti halifungwi kwa vifungo kumi na kimoja. Amevaa viatu, akaondoka kwa miguu na bahasha mkononi.

Kwa miguu! Posta yote ile niliyoipanga, anaitembeza kwa miguu!

Jumanne, 11 Machi

Niandike haraka, furaha isije ikanipasua.

Sindano ni mama mtu mzima anayesimamia mavazi ya kikundi cha maigizo. Koti ni la bawabu kwenye mchezo wao mpya. Mke wangu kampa vifungo vyote kumi na viwili, kile cha mwisho kwa senti kumi kama wenzake. Na kamrudishia hela ya posta! Yote! Kisa na maana, haikutumika.

Sasa sikia. Yule mama akalitazama gauni alilovaa mke wangu, akaligeuza pindo, akauliza nani fundi wake. Mke wangu akasema ni yeye mwenyewe. Mama akaingia ndani, akatoka na vipimo vya makoti sita ya wahusika wengine na malipo ya awali mkononi. Malipo hayo yamelipa mota na deni langu la mnada, na yamebaki.

Fundi ameifunga jioni hii. Cherehani inalia nyumbani kwetu! Nimevuta kiti nikakaa kuisikiliza kama redio. Machozi yamenilengalenga, siwezi kukana. Mke wangu amenicheka, akanipa pazia nimshikilie upande mmoja. Upande mmoja tu, na kwa masharti.

Shemeji amekuja kumpongeza dada yake. Nimewakumbusha wote kwamba bila mkakati wangu wa posta, Sindano asingejulikana. Wakatazamana. Kisha Shemeji akanisogezea bakuli, nichague mnofu kwanza. Amenielewa hatimaye.

Jumapili, 16 Machi

Mapazia yalifika chuoni juzi, kabla ya wakati wake. Mkuu wa chuo kayasifu na kuagiza mashuka ya mabweni. Mke wangu anaimba. Nyumba imetulia. Hali kama hii humpa mtu nafasi ya kutafakari.

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa vifungo. Ujanja wenyewe hauna dosari, ila ulitaka bidhaa isiyoweza kutiwa kwenye bahasha moja na wenzake. Bidhaa ndefu.

Na bahati ilivyo yangu, nimekuta kwenye mnada mtu anauza ngazi, senti kumi kwa ngazi! Mjinga wa mwisho duniani! Nikaweka dau kwenye zote saba. Hakuna aliyenipinga. Nimeshinda zote, nikamhurumia hata.

Ndipo akaniletea hesabu ya posta yake. Posta ya kila ngazi peke yake, mara saba! Nimemwandikia anijumlishie iwe moja. Amejibu kwamba hana kibandiko cha kijani, na kwamba posta iliandikwa pale pale chini ya picha. Mwizi mkubwa! Anaficha faida yake kwenye posta! Nimewaandikia wenye mnada malalamiko marefu kuhusu uaminifu katika biashara, na jinsi watu wa aina hii wanavyotuharibia jina sisi wauzaji waungwana. Nimelipa, lakini kwa kinyongo. Akiba yangu ya viatu, ile iliyobaki kwenye malipo ya makoti, imekwisha.

Haidhuru. Nimeshazitangaza ngazi zote saba kabla hazijafika. Senti kumi kila moja, na posta nimeipandisha juu ya ile ya yule mwizi. Mke wangu amesimamisha cherehani akaniuliza nitaifikishaje ngazi posta. Swali la ajabu kweli. Kwa vitu vya ukubwa ule, posta huja yenyewe kuvichukua. Nadhani.