Malalamiko Kuhusu Wavu Nilioambiwa Niukoleze

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,

Kwa heshima na taadhima, na kwa mkono ambao bado unanuka kitunguu saumu, nakuandikia kumlalamikia mwandishi wako anayejiita Fundi wa Moto. Kwa miaka saba nimekuwa mshika koleo katika familia ya mke wangu. Ukoo ukikutana kwa baba mkwe, mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza nyama, wengine wakingoja na sahani zao. Leo hii nakata vitunguu pamoja na watoto wa darasa la tatu. Aliyenifikisha hapo ni huyo Fundi wako, na naomba unifuate hoja kwa hoja.

1. Makala yake ilisema wavu wa waya uliokuja na jiko langu la gesi ni mwembamba na haushiki joto. Eti ninunue wavu wa chuma cha kusubu, kile kizito kinachomiminwa kwenye kalibu, ambacho kikishapata moto hakipoi upesi na huichora nyama mistari. Akaongeza kwamba nipime jiko kwanza. Nilipima kwa shubiri, kipimo kilichowatosha babu zetu. Wavu ukazidi vidole viwili, na tangu siku hiyo mfuniko wa jiko haufungi, umebaki mdomo wazi kama aliyesikia umbea. Kama Fundi alitaka nitumie futi, kwa nini hakusema? Mke wangu anadai alisema. Mke wangu huwatetea watu baki siku zote.

2. Hapa ndipo aliponiponza. Aliandika, nanukuu: "Wavu mpya usitumiwe kabla ya kukolezwa." Ndugu Mhariri, mimi Kiswahili nimekinyonya kwa mama. Mchuzi hukolezwa kwa chumvi, nyama hukolezwa kwa viungo. Basi nikausugua wavu kwa chumvi ya mawe, ndimu sita, tangawizi na kitunguu saumu, nikaufunika kwa kitambaa kibichi siku mbili ili ukolee sawasawa. Nilipoufunua ulikuwa na rangi ya hudhurungi ya kupendeza, nikamwita mke wangu aone jinsi viungo vilivyoshika. Aliutazama, akaenda kujifungia chumbani. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

3. Siku ya kukutana nikalibeba jiko langu hadi kwa baba mkwe, nikawasha gesi, nikangoja robo saa wavu upate moto kama Fundi alivyoagiza, maana mimi si mbishi. Nikapanga kuku. Mistari ilichoreka kweli, ila ilikuwa ya kutu. Ngozi zote zikang'ang'ania kwenye wavu, kuku wakafika mezani uchi mbele ya wakwe. Shemeji yangu fundi magari, ambaye amelimezea mate koleo langu tangu siku ya harusi, akaonja na kutangaza kwamba ladha hiyo anaifahamu, ni ya bomba la moshi. Baba mkwe alinyoosha mkono, akalichukua koleo mkononi mwangu taratibu, akampa shemeji. Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini niliumia sana.

4. Eti wavu usioshwe kwa sabuni! Ukwanguliwe ungali na moto, kisha upakwe mafuta kidogo. Wasiopenda sabuni nawajua ni wawili tu, mvivu na paka. Hata hivyo nilitii, nikaukwangua ukiwa wa moto kwa brashi ya kufulia, ya plastiki. Sasa wavu una kutu, una kitunguu saumu, na una brashi.

5. Baada ya hapo nilikaa nikazisoma makala zake zote arobaini, nikagundua jambo la kutisha: zinanilenga mimi. Moja inamsema mtu anayegeuza nyama kila dakika kama anayetafuta ufunguo. Nyingine inamsema anayefungua gesi hadi mwisho, kisha anauita moshi ladha. Nyingine inamsema anayeikandamiza nyama kwa koleo mpaka maji yote yamtoke mnyama wa watu. Huyo ni mimi, hadi aproni! Ni dhahiri shemeji fundi magari anampelekea habari, kama Fundi mwenyewe si yeye. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na kama huyo Fundi ana mwenzi ndani ya nyumba, nampa pole mwenzi huyo. Kuishi na mtu asiyejua kukoleza hata sentensi ni mtihani.

Kwa hiyo naomba gazeti lako lilipige marufuku neno "kukoleza". Naomba pia Fundi aje kwa baba mkwe, apige magoti mbele ya jiko, akiri kosa, na koleo lirudi mkononi mwangu kabla ukoo haujakutana tena mwisho wa mwezi. Akikataa, aule huo wavu. Chumvi imeshaingia.

Nisalimie wapanga kurasa wote, dereva wa gari la magazeti, na yule dada wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu, nimemsamehe. Fundi usimsalimie.

Wako mtiifu, machozi ya vitunguu yakinitoka,
Mkwe Mkubwa
(Mshika Koleo, mstaafu kwa lazima)

Tanbihi: Nilimpa mke wangu barua hii anisahihishie tahajia. Alirekebisha makosa manne, akaweka kalamu chini, akaniambia Fundi wa Moto ni yeye. Akaleta nakala yake ya ile makala. Sentensi niliyoinukuu inaendelea: "kwa mafuta na moto mara tatu, bila chembe ya chumvi wala tone la maji." Mimi niliipunguza makala kwa mkasi ili ienee kwenye mlango wa friji, na mstari huo ukaenda na ukingo. Anasema miaka saba alikosa namna ya kuniambia usoni kwamba nachoma vibaya, ndipo akaanza kuandika. Ile pole niliyompa mwenzi wa Fundi, anasema niipokee mwenyewe. Basi barua hii usiichapishe. Ila kama Fundi bado anajibu maswali ya wasomaji, niulizie mawili: kutu hutolewaje, na msamaha huombwaje? Nauliza kupitia gazeti kwa sababu hapa nyumbani, tangu jana, hajanijibu lolote.