Kamati ya Kuondoa Hofu

Jumatano, 2 Julai 2025

Leo nimeuona ubongo wa dada yangu Restuta. Kwenye kompyuta, rangi ya majivu, umekunjamana wote. Nimekuwa MC wa harusi za watu wazito hapa Dodoma na sijawahi kukosa neno. Leo nimekosa.

Mwenye kunionyesha ni Daktari Munira, binti wa Kondoa anayetafiti jinsi ubongo unavyojifunza hofu na jinsi unavyojifunza kuiacha. Alinionyesha kijisehemu kimejificha ndani kabisa, ukubwa wake hauzidi karanga. Akasema hofu ya Restuta ilijiandikisha hapo, siku pikipiki ilipomwangusha kule Msalato na kumharibu goti. Mara moja tu, ubongo ukashika. Mimi shuleni hesabu za kugawanya zilinichukua mwaka mzima, na bado hazikushika!

Tangu ajali ile dada hapandi pikipiki. Ikiwashwa karibu naye, anatetemeka. Na huko milimani, mbele ya Kibakwe, binti yake Tereza amejifungua mtoto wa kwanza. Gari linaishia Kibakwe. Kuanzia hapo ni pikipiki au miguu, na goti lake halipandi mlima. Mtoto ameshaota meno, bibi yake hajamshika.

Kila Jumanne Daktari humkalisha Restuta kwenye pikipiki kuukuu nyuma ya maabara. Mwanzoni ilikuwa imezimwa. Siku hizi inaunguruma naye kakaa juu yake, anachambua kunde. Nimeshuhudia.

Tatizo ni ufadhili. Wafadhili wa ng'ambo wamejitoa, na mwisho wa mwezi maabara inafungwa. Daktari ameomba kila mahali, kimya. Nimemwambia asihangaike. Kinachomkosesha si sayansi. Hana kamati.

Ijumaa, 4 Julai

Kamati imeundwa. Mwenyekiti ni mimi, nimepita bila kupingwa. Wajumbe: Restuta.

Mpango umekamilika kichwani. Harambee, ukumbini Kizota. Mgeni rasmi: Mama Mwajabu, mwenye viwanda vya kukamua alizeti. Mama huyu ana uwezo wa kuiendesha maabara peke yake, ila hasemi sana na hacheki kabisa. Nilimfuata kiwandani, nikampa shikamoo mara mbili kwa sababu ya kelele za mashine. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia ni fupi. Mungu anisamehe.

Daktari yeye anashauri Mama Mwajabu aje tu maabara siku ya Jumanne, akae, aangalie. Nilicheka kwa heshima. Mgeni rasmi akae kwenye stuli? Bila meza kuu? Bila kitambaa? Wasomi hawa.

Dosari moja. Mwenye ukumbi anasema muziki lazima uwe wa Denis. Denis! Kijana wa juzi, suti zinang'aa kama bati jipya, kipaza sauti chake hakina waya. Harusi tatu amenipokonya mwaka huu.

Jumanne, 8 Julai

Nimemweleza Daktari kilele cha shughuli. Restuta atapanda pikipiki mbele ya mgeni rasmi. Si ile kuukuu, bali mpya, nyekundu, imefungwa riboni.

Daktari alikataa. Kisha akanieleza jambo ambalo limenikosesha chakula cha mchana. Anasema ubongo haufuti hofu. Haufuti! Hofu ya zamani inabaki palepale, na Restuta anapokaa Jumanne bila kudhurika, ubongo unajenga somo jipya pembeni yake, somo la usalama. Masomo mawili yanakaa kichwani mwa mtu mmoja yakigombea usukani. Ila lile jipya limefungamana na mahali lilipofundishwa: uani pale, pikipiki ile, utulivu ule. Mpeleke kwingine, na la zamani linaweza kushinda.

Nilikaa kwenye gogo nje nikawa natazama watu wakipita. Kila mmoja kabeba ugomvi huo kichwani, na bado anauliza bei ya nyanya. Maajabu.

Baadaye nikatafakari nikaona Daktari ni mwoga wa hadhara tu. Nikamuuliza Restuta mwenyewe. Akasema kama maabara ikifungwa hatamwona mjukuu, basi atajaribu. Daktari akasema uamuzi ni wa Restuta, na yeye atasimama ubavuni mwake. Mimi akanitazama vibaya.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa shida. Kiwiko.

Nianze na mazuri. Ukumbi ulijaa. Vitambaa vya zambarau na dhahabu, maputo, keki, chupa za maji zimevalishwa riboni. Mama Mwajabu alikaa katikati ya meza kuu, mkoba mapajani. Hotuba yangu ya utangulizi ilikuwa na utangulizi wake. Hakupiga makofi.

Kisha nikamwita Restuta. Muziki, vigelegele. Dada akaenda mpaka karibu na pikipiki, akasimama. Jasho likamtoka, na baridi yote hii ya Julai. Aliyekuwa akichambua kunde Jumanne! Daktari akamshika begani, akamkalisha taratibu. Restuta alilia bila sauti. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana nilikuwa nimeambiwa.

Lakini MC haachi ukimya ukae. Nikatangaza kwamba nitaonyesha mwenyewe jinsi chombo hiki kisivyo na madhara. Nikapanda na suti yangu. Nikawasha, nikavuta mafuta, nikaachia klachi, vyote kwa pamoja. Nilipita kwenye tao la maputo, nikaikosa keki kidogo, nikaishia kwenye spika za Denis.

Denis alishika kipaza sauti akawatangazia wageni kwamba itifaki imezingatiwa. Ukumbi mzima ulicheka. Sitamsamehe.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda maabara kuomba radhi. Nikamkuta Mama Mwajabu amekaa kwenye stuli!

Alikuwa akimuuliza Daktari imekuwaje mtu aweze Jumanne, ashindwe Jumamosi. Daktari akajibu kwamba hilo ndilo analolitafuta: namna ya kuufanya usalama utoke pale uani umfuate mtu kokote aendako. Akasema jibu bado hana. Mama Mwajabu akasema kila anayekuja kumwomba pesa humweleza anachokijua, na huyu ni wa kwanza kumweleza asichokijua. Atafadhili. Restuta atafundishwa barabarani, stendi, gereji, mpaka somo lizoee kutembea.

Nilitaka kutoa neno la shukrani kwa niaba ya kamati. Hapo bodaboda ikapita nje, nikajikuta nimejimwagia chai. Daktari akanitazama kwa hamu ya kitaalamu. Akasema inaelekea ubongo wangu umejifunza kitu Jumamosi, akaniomba nijiandikishe. Nikamwambia kikombe kilikuwa cha moto.

Jumamosi, 23 Agosti

Kibakwe. Pikipiki mbili zilitungojea, ya dada na yangu.

Restuta aliitazama yake muda mrefu. Aligusa kiti. Akaurudisha mkono, nikasema moyoni basi, tumerudi kulekule. Akafunga khanga vizuri, akapanda. Dereva akawasha. Dada akafumba macho, akafumbua, akamwambia twende. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka vumbi likatua. Sijaona harusi wala maziko yaliyonishika hivyo.

Dereva wangu naye akawasha, nikajikuta nyuma ya magunia ya maharage. Nikamweleza kwamba mlima ni mzuri kwa mapafu. Nimepanda kwa miguu. Nimefika jioni, kiatu kimoja kimekufa.

Restuta alikuwa amekaa mlangoni na mjukuu mapajani, anamnusa kichwa. Aliniambia aliogopa njia nzima. Njia nzima! Hofu ilikuwepo, na mtu akaenda nayo hivyo hivyo mpaka akafika. Nikaomba maji. Akaongeza kwamba Daktari ameniwekea nafasi Jumanne. Nikamjibu mimi sina tatizo lolote.

Usiku huu nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona. Ukumbi wa Kizota ulikuwa mdogo. Harambee ijayo itakuwa ya uwanjani. Msafara wa pikipiki mia, zote zimewashwa, honi juu, Restuta katikati yake. Nimeshampigia Denis aje na spika. Mwenyekiti nitatangulia mbele, kwa gari.