Kadi Nne za Tarehe Moja

Tung. Tung. Tung. Ukitokea stendi ya magari ya Arua, hapa Koboko, mchi wa Kadijah unausikia kabla hujaliona benchi, wala moshi, wala watu. Anatwanga kahawa na tangawizi. Asubuhi hiyo ghafla mchi ulinyamaza, maana redio ilikuwa na neno.

Mwenye redio ni Lodu, fundi viatu na mwimbaji wa kwaya, ndiyo maana benchi zima linamwita Redio. Mtangazaji alisema kuwa anayekwenda Zanzibar kutoka huku aonyeshe kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Wote wakamgeukia Latifu, mziba pancha, ambaye hapo kijiweni ni Komando. Babu yake alikuwa askari, naye husema damu ile haijui woga. Baada ya siku kumi angepanda ndege kwenda huko kisiwani kumwozesha dada yake Rabia. Baba yao alishafariki. Aliyebaki ni yeye.

Ushauri ukamwagika. Lomoro, aitwaye Daktari kwa sababu aliwahi kufagia wodi miaka miwili, alimkataza barafu, saladi na maji ya bomba. Redio alimtaka abebe chandarua, akidai mbu wa pwani wanakunywa maji ya chumvi na kiu yao haiishi. Kuhusu jua walibishana mpaka kahawa ikapoa. Komando alishikilia kuwa jua ni jua tu. Daktari akasema la kisiwani linapiga mara mbili, likishuka na likirudi kutoka majini, kwa hiyo apake mafuta hadi chini ya kidevu.

Komando akacheka, akachomoa kadi mfukoni. "Mimi iko na kila kitu. Kwa hii kadi naingia Sudani, naingia Kongo, mwaka mzima. Hakuna mutu aliniuliza."

Daktari aliisoma taratibu. "Walikuchoma tarehe kumi na nne, mwezi wa nane?"

"Ndiyo."

"Mkono gani?"

Komando aliitazama mikono yake yote miwili, kama mtu anayechagua viazi.

"Siku hiyo tulikuwa Midia, tunazika mzee Lako," Daktari akasema. "Wewe ndiyo ulichimba kaburi, toka asubuhi mpaka jioni."

Redio akatoa kadi yake: tarehe kumi na nne. Daktari akakohoa, akatoa ya kwake: ile ile, mwandiko ule ule. Kadijah akafungua fundo la kitenge. Ya kwake nayo ile ile, tena ilimwandika mwanamume. Wote walizinunua mpakani kwa jamaa mmoja ambaye sindano hajawahi kuishika.

Komando hakuinunua ile kadi kwa uvivu. Mwaka juzi alifika kwenye kliniki, akaona sindano ikichovywa kwenye kichupa, akatorokea dirishani. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Kadijah alihesabu kwa vidole. Chanjo hiyo inakubalika ikitimiza siku kumi, naye anasafiri baada ya siku kumi. "Mwanangu, ni leo. Kesho umechelewa."

Komando akaanza kutafuta nani atabaki na kibanda. Redio akasema atabaki yeye. Komando akasema basi, pengine mguu unamuuma.

"Wewe unachoma matairi kutwa nzima," Daktari akamwambia.

"Tairi hailii."

Hapo ndipo siri ya sindano ilipotoka, na benchi likacheka mpaka chupa ya kahawa ikapinduka. Simu ya Komando ikaita. Kadijah akaiwahi, akaweka sauti ya juu. Ni Rabia. Shehe anataka jina la anayemwozesha, alisema. Ndugu wa mume wanauliza kama kwao kuna mtu.

Kicheko kikakatika. Komando akasimama, akakunja mkono wa shati hadi begani, akampa Kadijah mkono mwingine amshike.

"Rabia, andikisha jina langu. Sasa hivi naenda kuchomwa sindano, ya kweli. Nikikimbia, nakuapia, Redio atakuja kukuozesha, na kwaya yake nyuma."