Nilichoweka Kwenye Maji ya Sigara ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Nimemgundua! Miwani, mwenye duka mkabala na kibanda changu cha kutengeneza simu, ameanza kuuza maji ya sigara za umeme. Kila kichupa kina orodha ya vitu vilivyomo. Orodha ndefu, herufi ndogo. Mtu mwaminifu ajieleze hivyo kwa nini? Anaficha kitu. Nitatengeneza yangu, bila orodha.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu alipotoka kupeleka keki za wateja, nikaingia jikoni. Arki yake ya vanila, mafuta yake ya kupikia, nikotini niliyoagiza. Usalama nimeupima: nimeonja kila kitu, isipokuwa nikotini, maana chupa yake ina picha ya fuvu. Kinachokubalika tumboni kitashindikanaje mapafuni? Kaka yangu, anayehangaika kuacha sigara, ndiye mteja wa kwanza. Kasema ananiamini.

Alhamisi, 13 Machi
Mke kauliza arki yake inaishia wapi. Nikasingizia panya. Kahesabu chupa zilizobaki. Kaka naye anakohoa. Juzi nilimwona Miwani akimpa mkono. Mkono ule ulikuwa na nini?

Jumamosi, 15 Machi
Kaka kalazwa. Anavuta pumzi kwa shida. Daktari anataka kujua mle kichupani mna nini, eti asipojua anatibu kwa kubahatisha. Ningesema, lakini kwenye kitanda cha pili kuna mzee anayejifanya amelala. Mtu wa Miwani, naapa! Nikajibu ni maji na ladha tu. Kaka akavua barakoa ya oksijeni.

"Mdogo wangu, niambie uliweka nini."

Nikamkonyeza, kwamba nitamwambia faragha. Akarudisha barakoa. Roho iliniuma, nakiri. Nikaenda kumnunulia maji ya kunywa, nikachelewa makusudi.

Jumapili, 16 Machi
Nimesalitiwa na mke wangu mwenyewe! Kachukua chupa ya mafuta na ya arki, kaziweka mezani kwa daktari. Siri yangu yote nje, na yule mzee akiwa macho kabisa. Daktari kabadilisha matibabu papo hapo. Anasema mafuta yameingia mapafuni, na kwamba tumbo linasaga chakula lakini mapafu hayana uwezo huo. Sawa. Lakini yeye kaonja? Hata kidogo.

Jumatano, 26 Machi
Kaka karudi nyumbani, anapumua vizuri. Nimelia kwa furaha. Hataki kuniona, lakini hasira zitaisha. Kimebaki kikohozi kidogo, na daktari kampa dawa ya maji, ameze vijiko viwili asubuhi na jioni. Ameze! Ugonjwa uko kifuani, dawa inapelekwa tumboni. Ama hawajui kazi, ama Miwani kashafika huko. Nimenunua dawa ileile. Mafuta sitii tena, mimi si mjinga. Hii nitamjazia kwenye sigara yake ya umeme, aivute, imfikie moja kwa moja.